Kofia Walizovishwa kwa Shangwe

Baba yake Will Parker ni msaga nafaka katika kijiji cha Wherton, kusini mwa Uingereza, na ana saa ya mkononi. Saa hiyo ni fahari ya nyumba yao, kwa kuwa katika dunia wanamoishi hakuna tena fundi awezaye kuunda kitu kama hicho. Saa zilizopo ni masalio ya watu wa kale, ambao miji yao mikubwa imeachwa ikaota miti. Will huitamani saa ile, na siku moja huichukua bila ruhusa. Baba ana kinu kinachofanya kazi na jina zuri kijijini. Kichwani, katikati ya nywele, ana wavu mwembamba wa fedha ulioshikana na ngozi, ambao hauondoki mpaka afe.

Nilipokisoma The White Mountains kwa mara ya kwanza umri wangu ulikaribiana na wa Will, na baba huyu sikumwona. Macho yalipita juu ya sentensi zake, lakini kwangu alikuwa kama mlango wa nyumba, kitu ambacho shujaa sharti akipite ndipo hadithi ianze. Nilitaka Will atoroke. Nilitaka afike pwani, apate chombo, avuke bahari. Sasa nimevisoma tena vitabu vile, taratibu, kurasa nyingine kwa sauti, na kila mara nimejikuta nikigeuka kumtazama yule aliyebaki kinuni. Anaamka, na kitanda cha mwanawe ni kitupu. Kitabu hakituonyeshi asubuhi hiyo, kwa sababu anayesimulia ni mtoto, na mtoto yuko njiani. Mimi nimekuwa nikiiona bila kuonyeshwa.

Aliyeviandika ni Sam Youd, Mwingereza aliyezaliwa 1922 na kufariki 2012, ambaye vitabuni alijiita John Christopher. Viwili vya kwanza, The White Mountains na The City of Gold and Lead, vilitoka 1967; cha tatu, The Pool of Fire, kikatoka 1968. Wasomaji huviita kwa pamoja The Tripods. Youd aliwahi kueleza kwamba alipoombwa aandike hadithi ya kisayansi kwa ajili ya watoto, moyo wake ulikuwa umekwisha hama kutoka mambo yajayo kwenda mambo ya kale, akatafuta namna ya kuyakutanisha. Ndiyo maana zama zake zijazo zinafanana na zilizopita: watu husafiri kwa farasi, huwasha mishumaa, hulima, huoana na watu wa vijiji vya jirani. Juu ya utulivu huo hutembea mashine kubwa za miguu mitatu, ndefu kupita nyumba na miti. Mtoto akitimiza miaka 14, mashine huja, humnyanyua kwa mkono wake wa chuma, humtia ndani, kisha humrudisha akiwa amenyolewa na kuvishwa Kofia. Tangu hapo anahesabiwa mtu mzima. Kijiji hufanya karamu.

Utotoni, Kofia ile niliielewa upesi na nikaichukia upesi. Ilikuwa uovu, na walioivaa walikuwa ama maadui ama wajinga. Hapakuwa na kundi la tatu. Nilipomwona Jack, rafiki mkubwa wa Will, akirudi kutoka ndani ya mashine, yeye aliyekuwa na maswali mengi, akiwa sasa ametulia na kuzungumza juu ya yale majitu kwa heshima na unyenyekevu, nilimfuta moyoni mwangu kana kwamba amekufa. Will naye aliumia, lakini hakumfuta kwa urahisi ule. Hilo nimelitambua sasa tu.

Ninachokiona leo ni kwamba hakuna mahali popote mwandishi anaposema kuwa waliovaa Kofia wameacha kupenda. Mama hupika, baba hufanya kazi, jirani husaidia jirani. Hata wale ambao Kofia imewaharibu akili, wanaoitwa Wazururaji, hawatupwi. Wapo katika kila pembe ya nchi, wanatangatanga wakisema maneno yasiyounganika, na vijiji vimewajengea nyumba ya kulala na huwapa chakula. Nilipokuwa mdogo Wazururaji walinitisha tu. Sasa kinachonifikirisha ni wema wanaotendewa. Jamii nzima imekubali kwamba katika kila kizazi watoto kadhaa watavunjika, na imejiandaa kuwatunza kwa huruma ya kweli, na katika huruma hiyo yote hakuna anayeuliza kwa nini wavunjike. Nadhani Youd alijua alichokuwa akiandika. Ingekuwa rahisi zaidi kwake kuwafanya watu wale wakatili.

Na baba yake Will, anayempenda mwanawe, angempeleka Kofiani kwa upendo uleule. Angesimama miongoni mwa majirani akiwa amevaa vizuri, akishangilia. Tabia yake yote njema ingekuwa pale, haijapungua, ikiwa ndiyo hasa inayomnyanyua mtoto mpaka mkononi mwa mashine. Nimekaa na wazo hili siku nyingi, sijui la kulifanya. Uovu unaokuja na uso wa uovu mtu huweza kuukimbia. Lakini huu unakuja na mkate wa nyumbani, na mkono wa baba begani.

Nililelewa Taveta, miaka ya shule ikiangukia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vitabu hivi nilivikuta katika rafu ya vitabu vya msaada, vimechakaa, kimoja hakina jalada. Asubuhi tulikusanyika mbele ya bendera tukakariri ahadi yetu ya utii kwa rais na taifa, tukaimba, kisha siku za maziwa tukagawiwa yale maziwa ya shule katika pakiti za pembe tatu, maziwa ya Nyayo. Yalikuwa matamu kweli, na kulikuwa na watoto miongoni mwetu ambao kwao pakiti ile ndiyo iliyokuwa chakula cha maana cha siku. Nimejizuia nisikimbilie kusema kwamba basi nasi tulivishwa Kofia. Ulinganisho huo huja mwepesi mno, na ukishausema unaacha kufikiri. Hakuna mashine iliyotunyanyua. Baadaye watu wa umri wangu waliuliza maswali makali, wengine kwa gharama kubwa. Lakini nakumbuka furaha ya kukariri kwa pamoja. Nakumbuka nilivyosimama wima na kifua kikajaa, na kwamba kujaa huko hakukuwa kwa uongo. Nikimsoma Jack aliyerudi akiwa ametulia, leo naweza kumwazia kwa ndani, jambo ambalo Will mwenyewe hawezi, kwa kuwa hakuwahi kuvishwa Kofia ya kweli.

Hapo ndipo ugumu wa hadithi hii ulipo kwangu. Tunaoneshwa Kofia kwa nje daima. Msimuliaji ni huru tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na sisi tunaomfuata tunajihesabu huru pamoja naye. Sijapata kumjua mtoto aliyekisoma kitabu hiki akajiona miongoni mwa waliovishwa. Sote ni Will. Sote tunapanda milima kwenda kwa watu huru, wasiovishwa Kofia. Na bado wavu ule, kama upo, ungekuwa mahali ambapo macho ya mwenyewe hayafiki. Nina watoto, wamekwisha kuwa watu wazima. Nimewapa imani, nimewapa mazoea, nimewachagulia shule, nimewapigia vigelegele katika siku ambazo mimi niliona ni za fahari. Kipi katika hivyo kilikuwa upendo mtupu, na kipi kilikuwa kile nilichokabidhiwa nami nikakipokeza bila kukigeuza upande wa pili, sijui. Nimewauliza. Majibu yao yalikuwa ya adabu.

Sura za ngome ya mnara mwekundu, nilipokuwa mdogo, nilizisoma kwa haraka ili zipite. Will, binamu yake Henry, na Mfaransa mwembamba anayeitwa Beanpole, aliyejitengenezea miwani kwa kuunganisha vioo mwenyewe, wamefika mbali katika Ufaransa. Wamepita katika magofu ya Paris, wameokota mabomu ya kale yenye umbo la yai bila kujua ni nini. Kisha Will anashikwa na homa, na anaokotwa na watu wa ngome. Bibi wa ngome anamuuguza. Mumewe anampenda. Wanamfundisha kupanda farasi, wanampa nguo nzuri, na mwishowe wanamwambia wazi kwamba akitaka kubaki atakuwa mwana wao. Wana binti, Eloise. Wenzake wanamsubiri, kisha wanaondoka bila yeye.

Nilidhani hapo hadithi imesimama. Leo nadhani hapo ndipo moyo wake ulipo, kwa sababu ndipo Will anapotaka kuvaa Kofia. Hatishwi na mtu. Anachoka tu, anapendwa, anaona mlima ukiwa mbali na baridi, na wanaoishi huko hawajui jina lake. Anajiambia kwamba huenda Kofia si jambo baya kiasi hicho, na fikra hiyo inaingia bila kishindo, katikati ya siku nzuri. Uhuru wake haukuwa na chochote cha kushindana na mapenzi ya mama yule. Uhuru ungempa njaa na matembezi. Sura zile ni za kweli kabisa, na zinamtaka msomaji aliyekwisha kuishi kidogo. Mtoto hajui bado jinsi mtu anavyoweza kuacha jambo kubwa kwa sababu ya chumba chenye joto na watu wanaofurahi anapoingia.

Kinachomwondoa Will pale si ujasiri. Siku moja, katika mchezo, anamvua Eloise kilemba chake, na chini ya kilemba anaona kichwa kilichonyolewa na wavu wa fedha. Hata hilo halimtoshi kuondoka. Kisha Eloise anachaguliwa malkia wa mashindano ya ngome, na malkia kila mwaka hupelekwa kuyatumikia yale majitu katika mji wao. Anakuja kumpa Will habari hiyo akiwa anang'aa kwa furaha. Wazazi wake nao wanafurahi. Furaha ile ndiyo inayomtoa Will kitandani alfajiri.

Mtoto wa mdogo wangu wa kiume, binti wa miaka kumi na mitatu anayekaa kwangu, alikuwa akivisoma vitabu hivi nyuma yangu, mimi nikimaliza kimoja yeye anakichukua. Alipofika hapo alinijia jikoni.

"Shangazi, kwa nini hakuondoka naye?"

Nikamwambia Eloise asingekubali, amekwisha vishwa.

"Sasa na hao wasichana wengine? Hakuna hata mmoja aliyetoroka kabla?"

Sikuwa na jibu, na nilipolitafuta kitabuni sikulipata. Katika vitabu vitatu vyote hakuna msichana anayekimbilia milimani. Wapiganaji ni wavulana na wanaume. Wasichana ni wazuri, wanapendwa, wanaachwa. Nilikuwa msichana nilipovisoma na sikuliona pengo hilo; nilijivika uvulana wa Will bila taabu, kama wasichana wengi wa wakati wangu walivyozoea kufanya kwa kila shujaa wa kila kitabu. Mpwa wangu hakufanya hivyo. Alibaki upande wa Eloise akisubiri afanyiwe jambo. Naliona hili kuwa kasoro kubwa ya mfululizo, na sidhani kwamba miaka ya 1960 inatosha kuisamehe, kwa kuwa miaka hiyohiyo Madeleine L'Engle alikuwa amekwisha chapisha A Wrinkle in Time, 1962, na aliyevuka nyota kumwokoa baba yake na kaka mdogo ni msichana mwenye miwani, Meg.

Na bado ni Eloise aliyenikamata safari hii. Katika kitabu cha pili Will na kijana Mjerumani, Fritz, wanavaa Kofia bandia, wanashinda mashindano ya michezo, na kwa tuzo hiyo wanaingizwa katika mji wa Mabwana, wale viumbe wa miguu mitatu na macho matatu wanaoendesha mashine. Ni mji wa joto na unyevu, hewa yake ya kijani inaua binadamu, na kila kitu ndani yake kina uzito wa risasi, kiasi kwamba vijana wenye nguvu huzeeka na kuisha katika miaka michache. Wanapoona hawawezi tena kutumika, huenda wenyewe, kwa furaha, mahali palipotengwa pa kufia. Humo mjini Bwana wa Will anampeleka kumwonyesha jambo ambalo yeye, Bwana, anajivunia: wasichana wazuri wa dunia, waliohifadhiwa baada ya kufa, wamepangwa safu kwa safu ili watazamwe. Eloise yumo.

Nilipokuwa mtoto nilisoma ukurasa ule nikakasirika na kuendelea. Hasira ni mwendo. Nilipousoma tena niliweka kitabu chini. Sikufikiria Will. Nilifikiria watu wawili katika ngome yao, ambao hawataujua ukweli huo. Kila mwaka, siku ya mashindano, watamtaja binti yao kwa majivuno, watasema yuko kwa wakubwa, anatumika. Upendo wao hautapata kamwe taarifa itakayoufanya ulie. Sijui kama kuna adhabu nzito kuliko hiyo kwa mzazi, na wao hawaisikii kuwa ni adhabu.

Bwana mwenyewe wa Will si mkatili. Bwana wa Fritz humpiga mtumwa wake, lakini huyu humpapasa Will, humzungumzisha, humpenda kwa namna mtu anavyompenda mnyama wa nyumbani, na ni kwa kumpenda huko ndipo anapomfunulia siri: chombo kiko safarini kutoka kwao, kikileta mitambo ya kubadilisha hewa ya dunia nzima iwe ile ya kijani. Anasema kwa masikitiko kidogo. Wanadamu wachache watatunzwa. Hapa kitabu kinaweka upendo wa Bwana mkabala na upendo wa baba wa Wherton, na upendo wa bibi wa ngome, na hakitupi kipimo cha kuwatenganisha. Nimejaribu kipimo changu mwenyewe: kwamba anayekupenda kweli hukubali ubadilike usifanane na anavyotaka. Nikakipeleka kwa baba wa Wherton na hakupita. Nikajipelekea mimi, na siku nyingine napita, siku nyingine hapana.

Miaka ishirini baadaye, 1988, Youd aliongeza kitabu cha nne, When the Tripods Came, kinachoeleza jinsi yote yalivyoanza. Wapo waliokuwa wakihoji inawezekanaje mashine kama zile zikaushinda ulimwengu wenye ndege na makombora. Jibu lake ni kwamba hazikushinda kwa vita. Kilikuja kipindi cha televisheni, watu wakakipenda, wakaanza kuimba sifa za majitu wakiwa sebuleni kwao, wakagombana na ndugu zao waliokataa, na Kofia za kwanza nyingi zilivaliwa kwa hiari. Sitakaa sana hapo. Kitabu hicho hakina uzito wa vile vitatu, na kila aliye na simu mkononi atajiongezea mwenyewe.

Kitabu cha tatu, The Pool of Fire, hakikuwemo katika rafu ile ya Taveta. Kwa miaka mingi hadithi yangu iliishia Will alipotoka mjini kwa kujitosa katika mto, Fritz akiwa amebaki ndani, na mwisho uliobaki nikajitungia: mji unavunjika, Kofia zinavuliwa, watu wanakumbatiana, baba yake Will anamtambua. Televisheni ya BBC nayo iliigiza vitabu viwili vya kwanza, 1984 na 1985, ikaishia hapo. Cha tatu hakikutengenezwa. Kuna kizazi cha watazamaji wa Uingereza walioachwa karibu palepale nilipoachwa mimi, na nafikiri wengi wao pia walijitungia ushindi.

Ushindi umo kweli. Wapiganaji wanagundua kwamba pombe huwalaza Mabwana, wanaichanganya katika maji ya mji, na miji miwili kati ya mitatu iliyopo duniani inaanguka. Wa tatu, ule wa Panama, unashambuliwa kwa maputo ya hewa, na mabomu hayalipuki mahali panapotakiwa, mpaka Henry anapoteremsha puto lake juu ya kuba na kufa pamoja na bomu lake. Henry, ambaye katika kitabu cha kwanza Will hakumpenda kabisa. Nilisimama hapo pia.

Kisha inakuja sura ya mwisho, ambayo sikuitarajia. Watu huru wa nchi zote wanakutana milimani katika Mkutano wa Wanadamu ili waamue jinsi ya kuishi pamoja, na mkutano unavunjika. Wajumbe wanagombea nafasi, mataifa yanakumbuka majina yao ya zamani na chuki zao za zamani. Julius, mzee aliyewaongoza gizani miaka yote, anawekwa kando. Wanatoka nje katika theluji, kila kundi kwa njia yake. Hivyo ndivyo hadithi ya watoto inavyofikia ukingoni: ile amani ambayo Kofia iliilazimisha imekwenda pamoja na Kofia.

Sikuweza kuisoma sura hiyo kama Mwingereza. Mwaka 1967, vilipotoka vitabu viwili vya kwanza, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika moja la reli, moja la posta, moja la ndege. Mwaka 1977 ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na Taveta ikajikuta imegeuka mwisho wa nchi. Ndugu za mama yangu walikuwa upande wa pili wa Holili, mwendo ambao watu waliuzoea kwa miguu siku za soko. Tuliambiwa hawaji tena. Wengine walipita njia za panya, wengine hawakuthubutu, na kuna mazishi tuliyoyasikia baada ya arubaini. Mpaka ulifunguliwa 1983. Waliovunja kitu kile hawakuwa Mabwana kutoka nyota nyingine. Walikuwa watu huru, wenye elimu, kila mmoja akiwa na hoja, na baadhi ya hoja zilikuwa za haki. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, na bado inajikongoja.

Kwa hiyo sikushangaa Julius alipowekwa kando, ila niliumia, na nadhani mtoto wa Taveta aliyejitungia kumbatio la mwisho ndiye aliyeumia zaidi. Nilijiuliza kama Youd alikuwa anasema Kofia ilikuwa bora. Nimeisoma sura hiyo tena na tena, na siamini hivyo. Will ana ndoto ya kuzunguka bahari, Beanpole anataka maabara yake, Fritz ana shamba. Baada ya mkutano kuvunjika wanakaa pamoja, na wanakubaliana kuviweka vyote hivyo chini ili waende kuwaomba watu wasikilizane tena, kazi ambayo huenda isifanikiwe wakiwa hai. Hakuna anayewalazimisha, na hakuna karamu. Sijui kama hilo linatosha kuwa jibu kwa mama wa Eloise, au kwa amani ya Wherton. Kuna siku naliona dogo mno. Lakini ni jambo ambalo aliyevaa Kofia hawezi kulifanya, kuacha anachokipenda kwa ajili ya mapatano ambayo hajaamriwa kuyatafuta, na katika vitabu vyote vitatu sijaona kitendo kingine cha uhuru kinacholifikia, hata cha Henry.

Mpwa wangu amemaliza kitabu cha tatu juma lililopita. Alisema hakuupenda mwisho. Nikamwambia nami sikuupenda, na kwamba naufikiria bado, akaniuliza mtu anafikiriaje kitu asichokipenda, tukazungumza mpaka chai ikapoa, naye hakukubaliana nami.

Ukiwa na mtoto wa umri huo, mtafutie vitabu hivi. Usimpe cha kwanza peke yake, wala viwili kama nilivyopata mimi; mpe vitatu kwa pamoja, mwulize yuko upande wa nani atakapofika ngomeni, na sura ya mwisho ya The Pool of Fire msome naye.